Chai ya Kijani Haichemshwi

Mama yangu amechuma chai miaka 42 kwenye vilima vya Kangema, Murang'a, na mpaka Desemba iliyopita alikuwa hajawahi kuinywa ya kijani. Nilimpelekea pakiti moja kutoka Mombasa. Nikiwa nje nasalimiana na majirani, akaitia kwenye sufuria pamoja na maziwa na tangawizi, akaiacha itokote kama tunavyotokosa chai ya nyumbani siku zote. Akamimina, akapiga funda moja, akatoka hadi kwenye migomba akaitema.

"Mwanangu," akaniuliza, "hii ni dawa ya ugonjwa gani?"

Mimi ni muonjaji wa chai. Miaka 19 sasa nasimama mbele ya meza ndefu Mombasa, vikombe vyeupe vimepangwa safu kwa safu, nikivuta kijiko kimoja baada ya kingine kwa kishindo ili chai itawanyike kinywani na harufu ipande puani, kisha natema na kusogea. Siku ya kazi nyingi vikombe hupita mia kadhaa, na karibu vyote ni chai nyeusi, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyoipa Kenya jina. Hakuna nchi inayouza nje chai nyeusi nyingi kuliko yetu, na sehemu kubwa ya chai ya majirani zetu pia hupita kwenye mnada wa Mombasa. Lakini moyo wangu uliwahi kuchukuliwa na chai ya kijani, haukurudi, na swali la Mama nimelisikia kwa watu wengi mno. Wanainunua dukani kwa sababu wameambiwa inapunguza unene. Wanaichemsha, wanakunja uso, wanaimeza kama mwarobaini. Inaniuma. Ni sawa na mtu kukaanga embe dodo mbivu kwenye mafuta kisha akasema maembe hayana ladha.

Tuanze na jani. Hakuna mchai wa kijani na mchai mweusi. Mmea ni mmoja, Camellia sinensis, na majani mawili na chipukizi anayochuma Mama asubuhi yanaweza kuwa chai yoyote kati ya hizo. Umewahi kukata biringani ukaliacha kidogo, ukakuta limebadilika rangi? Ndani ya jani la chai mna vimeng'enya vinavyofanya kazi hiyohiyo. Viwandani kwetu jani hunyaushwa, husagwa na mashine hadi maji yake yatoke, kisha huachwa likutane na hewa mpaka ligeuke rangi ya shaba. Hapo ndipo wekundu na ukali wa chai tuliyoizoea hutoka. Mtengenezaji wa chai ya kijani hufanya kinyume. Hulipiga jani moto mapema, kabla halijabadilika, ili vimeng'enya vife na ukijani ubaki. Mama wa nyumbani anayeutumbukiza mchicha kwenye maji ya moto na kuutoa haraka anaijua kazi hiyo.

Moto huo ndio unaozigawa chai za kijani za dunia. Wachina wengi hutumia moto mkavu wa karai. Wajapani karibu wote hutumia mvuke. Ukiniwekea vikombe viwili mezani bila kuniambia kimoja kimetoka wapi, mara nyingi pua yangu itajua kabla ya ulimi. Cha karai hunukia kitu kilichokaangwa, korosho au kunde changa. Cha mvuke hunukia majani mabichi na bahari.

Chai ya kwanza ya karai iliyonifanya nikae chini ilikuwa Longjing. Mwenzangu kazini alirudi nayo kutoka Hangzhou, mji ulioko kando ya Ziwa la Magharibi katika jimbo la Zhejiang. Nilipoyamwaga majani kwenye kiganja nilidhani ameniletea kitu kingine. Yalikuwa bapa, laini, membamba kama visu vidogo, na kijani chake kilichanganyika na manjano. Ubapa huo ni kazi ya mkono. Mkaangaji huyabana majani kwenye karai la moto kwa kiganja kitupu, akiyasukuma, akiyageuza, akiyatupa juu na kuyakandamiza tena, na anayejua kazi hubadilisha mwendo wa mkono kadiri jani linavyopoteza maji. Siku hizi mashine zimeingia, lakini ya mkono bado inathaminiwa zaidi. Inayotafutwa kuliko zote huchumwa kabla ya Qingming, siku ya mapema Aprili ambapo Wachina huenda kusafisha makaburi ya wazee wao. Machipukizi ya wakati huo yamekua polepole kwenye baridi na bado ni machanga mno.

Tulitia majani kidogo kwenye glasi ya kawaida, tukayamiminia maji yaliyopoa, tukatazama. Yalielea kwanza, kisha yakaanza kushuka moja moja yakiwa yamesimama wima, kama watu waliomo kwenye lifti. Ladha yake ilikuwa kunde zilizochemshwa bila kiungo chochote, halafu ukatokea utamu nyuma ya ulimi uliokaa muda mrefu baada ya kumeza. Sikutema. Mtu wa kazi yangu kutotema ni jambo kubwa.

China ina chai za kijani nyingi kiasi kwamba mtu anaweza kuzeeka akizifuata. Biluochun hutoka kwenye mlima wa Dongting kando ya Ziwa Tai, katika jimbo la Jiangsu. Huko michai hukua katikati ya miti ya matunda. Majani yake ni madogo, yamejikunja kama konokono, yana vinyweleo vyeupe, na kikombe chake kina harufu ya tunda usiloweza kulitaja jina. Jimbo la Anhui lina Taiping Houkui, yenye majani marefu yaliyonyooka, na Lu'an Guapian, inayotengenezwa kwa majani matupu bila chipukizi wala kijiti. Na iko moja inayowapotosha hata wauzaji. Anji Baicha maana yake ni chai nyeupe ya Anji, lakini ni ya kijani kabisa. Imeitwa nyeupe kwa sababu mmea wake hutoa majani yaliyopauka wakati wa baridi ya mwanzo wa masika. Ina utamu mwingi na ukakasi kidogo sana. Ningemshauri anayeanza aitafute hiyo.

Kuna pia chai ya baruti. Majani yake yameviringwa yakawa vipunje vigumu vya rangi ya kijivu, vikidondoka kwenye bakuli vinalia. Umbo hilo huilinda chai katika safari ndefu, na safari yake ndefu zaidi imeishia Morocco, nchi inayonunua chai ya kijani ya China kuliko nyingine yoyote. Kule huipika kwa nanaa mbichi na sukari nyingi, kisha huimimina kutoka juu sana mpaka ifanye povu kwenye glasi. Ni chai yenye ukali na moshi kidogo, na inahimili sukari. Longjing ukiitia sukari umeiua.

Nikae kidogo kwenye asumini, kwa sababu hapa Mombasa ndiyo chai ya kijani ambayo sihitaji kumweleza mtu. Chai ya asumini kwa kawaida ni ya kijani iliyolazwa na maua. Fuzhou katika jimbo la Fujian ndio mji uliotukuka kwa kazi hii, ingawa leo maua mengi hulimwa Guangxi. Matumba huchumwa mchana yakiwa bado yamefumba. Jioni yanaanza kufunguka, na hapo ndipo hutandazwa pamoja na majani makavu ya chai, tabaka kwa tabaka, yakakaa usiku kucha. Chai hunyonya harufu jinsi godoro linavyonyonya udi. Asubuhi maua huchekechwa na kutolewa, chai hukaushwa tena kwa sababu imenyonya unyevu pia, na usiku mwingine huletewa maua mapya. Chai ya daraja la juu hurudiwa hivyo mara kadhaa. Maua makavu unayoyaona ndani ya pakiti ni pambo tu, harufu yao imeshahamia kwenye majani.

Na ua lenyewe ni lilelile. Jasminum sambac ya Fujian ndiyo asumini inayotungwa jioni hapa Mji wa Kale, inayoingia kwenye kikuba na kwenye nywele za bi harusi. Nilimpelekea jirani yangu kikombe, bibi wa makamo aliyezaliwa hapa na kulelewa hapa. Alikishika kwa mikono miwili, akanusa, akanusa tena kabla hajaonja. "Haya majani," akasema, "yamelala na asumini." Nilikuwa sijamweleza chochote kuhusu usiku na matumba.

Mwaka 2016 nilipata wiki tatu za mafunzo Shizuoka, Japani, katikati ya Mei. Kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa feni. Mashamba ya chai yamekatwa mistari laini ya mviringo kama migongo ya nyangumi, na juu yake zimesimama nguzo ndefu zenye feni zilizoelekezwa chini. Usiku wa masika jalidi inapotishia machipukizi mapya, feni husukuma hewa ya joto kutoka juu kuiteremsha kwenye michai. Nilimfikiria Mama, ambaye jalidi na mvua ya mawe ikija hana la kufanya ila kuomba.

Chai ya kila siku ya Japani ni sencha. Anayehesabiwa kuwa mwanzilishi wa njia yake ni Nagatani Soen, mkulima wa Ujitawara karibu na Kyoto, aliyeitoa mwaka 1738 baada ya miaka mingi ya kujaribu. Alichofanya ni kuyapika majani machanga kwa mvuke, kisha kuyafikicha huku yakikauka mpaka yawe kama sindano. Kinachoamua ladha ni sekunde. Jani likipata mvuke nusu dakika, chai hutoka angavu, ina harufu kali ya majani na ukakasi wa kuchangamsha. Likipata dakika moja au zaidi, hulegea na kuvunjika, na kikombe huwa kizito, cha kijani kilichovurugika kama maji ya kisamvu, na ukali hupungua. Watu wa Shizuoka wengi wanapenda hiyo ya pili. Mimi napenda ya kwanza, na tulibishana.

Lakini kilichonibadilisha ni gyokuro. Katika bonde la Asahina, mjini Fujieda, nilimkuta mkulima mmoja, bibi wa umri wa Mama, ambaye michai yake ilikuwa gizani. Alikuwa ameifunika kwa mikeka ya nyasi kavu, na ilikuwa imekaa chini ya mikeka hiyo siku kama 20. Sababu yake inaeleweka. Mizizi ya mchai hutengeneza kitu kiitwacho theanini, chenye utamu, na kukipandisha kwenye majani. Jua linapopiga, jani hukigeuza polepole kuwa katekini, ambazo ndizo zenye uchungu na ukakasi. Ukilinyima jani jua, utamu hubaki. Katekini hizo zilitengwa kutoka chai ya kijani mwaka 1929 na Tsujimura Michiyo, ambaye baadaye akawa mwanamke wa kwanza Japani kupata udaktari wa kilimo. Jina lake nimeliandika kwenye ukurasa wa mwanzo wa daftari langu la kazi.

Bibi yule hakuwa na haraka. Alipima majani kama kijiko kikubwa kilichojaa, akayaweka kwenye kibuli kidogo kisicho na mkono. Akachukua maji yaliyokwisha chemka, akayamimina kwenye bakuli, kutoka bakuli hadi bakuli jingine, kisha jingine. Akaligusa la mwisho kwa nje, akaniashiria nami niguse. Lilikuwa vuguvugu, joto la maji ya kumwogeshea mtoto. Akamimina juu ya majani maji kidogo sana, pengine funda nne, akafunika, tukakaa kimya dakika mbili. Kilichotoka kilijaza kikombe kisichozidi ukubwa wa yai.

Niliweka tone la kwanza ulimini nikangoja uchungu. Haukuja. Ilikuja supu. Sijui kusema vinginevyo: ilikuwa nzito kama supu ya pweza ambayo mpishi wake hakumhurumia pweza, tamu bila sukari, na nyuma yake harufu ya mwani uliotandazwa ufukweni. Wajapani wana neno la ladha hiyo, umami, lililotungwa na mwanakemia Ikeda Kikunae mwaka 1908 alipokuwa akichunguza mchuzi wa mwani, kwa hiyo pua yangu haikuwa imepotea njia. Maji ya pili aliyatia yenye joto zaidi, na ukakasi ukaanza kuonekana. Ya tatu yalikuwa ya moto, yakaleta uchungu mwepesi wa kusafisha kinywa. Mwisho akafungua kibuli, akayanyunyizia majani yaliyobaki mchuzi wa soya, tukayala kama mboga.

Jani lile moja lilitoa vikombe vitatu ambavyo ningeapa ni chai tatu tofauti, na kilichobadilika ni joto la maji tu. Theanini huyeyuka hata kwenye maji ya uvuguvugu. Katekini husubiri moto. Anayemimina maji yanayotokota juu ya chai ya kijani anaita uchungu wote utoke kwa pamoja, na utamu unafunikwa.

Matcha sitaisema sana, maana siku hizi kila mkahawa unaiuza. Nayo hutoka kwenye jani lililofunikwa gizani, likaondolewa vijiti na mishipa, likasagwa kwa jiwe polepole, kinu kimoja kikitoa gramu 40 hivi kwa saa. Hukorogwa majini kwa mchapo wa mwanzi na kunywewa jani zima. Ikiwa kijani chake kimepauka na kuelekea rangi ya kaki za jeshi, ni kuukuu, usilipie.

Kwa mtu aliyekulia kwenye chai ya maziwa kama sisi, mlango rahisi uko kwingine. Kuna hojicha, majani na vijiti vilivyokaangwa mpaka vikawa vya hudhurungi. Hunukia karanga zinazotolewa kikaangoni, haina ukali, na kafeini yake ni kidogo, hivyo unaweza kuinywa usiku. Kuna genmaicha, sencha au bancha iliyochanganywa na mchele uliokaangwa, na baadhi ya punje hupasuka kama bisi. Watoto wa dada yangu wanaiita chai ya bisi na wanaigombea. Hizi mbili zinastahimili maji ya moto sana, kwa hiyo hata mpishi wa mkono mzito hawezi kuziharibu.

Kwa zilizobaki, kipimajoto si lazima. Chemsha maji, yamimine kwenye kikombe kitupu, kisha kwenye kingine. Kila mmimino hushusha kama nyuzi 10. Mara mbili inatosha kwa sencha na Longjing, mara nne kwa gyokuro. Kijiko kidogo cha majani kwa kikombe, dakika moja hadi mbili, kisha uichuje yote, usiyaache majani yakilowa. Pakiti ifungwe vizuri mbali na jua na mbali na iliki, kwa sababu chai hunyonya harufu, kama asumini ilivyotufundisha. Na ununue kidogo kidogo. Chai ya kijani haizeeki kwa heshima.

Turudi Kangema. Siku ya tatu baada ya ile chai ya migombani, nilimwomba Mama anipe kilo moja ya majani yake mabichi kabla hajapeleka mengine kituoni. Alinitazama kama mtu anayeombwa akopeshe pesa. Tuliwasha kuni, nikaweka karai kubwa la chapati likiwa kavu, nikayatia kidogo kidogo na kuyageuza kwa mikono. Mwanzoni yalinuka nyasi zilizokatwa. Yakaanza kutatarika, mvuke ukapanda, na baada ya dakika chache harufu ikageuka ya mahindi machanga yanayochemka. Nikayamwaga kwenye ungo yapoe, tukayafikicha pamoja kwenye mkeka, yeye upande wake mimi upande wangu. Vidole vyake vilikuwa vyepesi kuliko vyangu. Kisha yakarudi karaini, moto mdogo, mpaka yakawa yanavunjika. Ile kilo ikatoa chini ya robo.

Sikutarajia Longjing. Michai ya Mama ni ya aina iitwayo 6/8 iliyoenea vijijini kwetu, ya ukoo wa Assam wenye jani pana lililojaa katekini, na ukoo huo ndio unaoifanya chai yetu nyeusi iwe na nguvu. Ya kijani hutoka na ukakasi kuliko ya China na Japani. Viwanda vichache nchini vinaitengeneza na baadhi vinafanya vizuri, na pia kuna chai ya zambarau, mbegu ya 306 iliyotolewa na watafiti wa Kericho mwaka 2011, ambayo husindikwa vivyo hivyo. Lakini hii ilikuwa ya karai la chapati.

Nikapoza maji, nikamimina, nikahesabu dakika mbili. Rangi yake ilikuwa ya dhahabu iliyoingia ukijani. Mama alinusa kwanza, akaonja, akakaa nayo kinywani. Sikuona akielekea migombani.

"Hii ni harufu ya vidole vyangu nikitoka shambani," akasema. Akanywa tena. "Ukali upo, lakini si ule." Halafu akauliza, kwa sauti ya mtu aliyeanza kudai haki yake, kwa nini miaka yote hiyo kiwandani wanaigeuza nyeusi.

Nikaanza kumweleza habari za wanunuzi, mnada, na nchi zinazotaka chai ya kutiwa maziwa. Hakunisikiliza. Alikuwa ameshainuka na birika, anapoza maji ya pili, kutoka kikombe hadi kikombe.